Sauti Mbichi

Nakiete Mbwambo alikuwa amebakiza siku thelathini na nne kabla ya kuondoka, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu ajiandikishe alipoanza kuitilia shaka safari yake.

Shaka yenyewe haikuanzia kwenye chombo. Watu wengi pale kijijini Mamba Miamba walimwonea huruma kwa sababu ya chombo: miezi saba ndani ya bomba la chuma, umefungwa mikanda kama mtoto mgongoni, unakunywa maji yaliyochujwa kutoka kwenye jasho la wenzako. Hayo hayakumtisha. Angekunywa mabaya zaidi ya hayo ili afike Mirihi amshike mjukuu wake. Shaka ilianzia sebuleni kwake, saa nne asubuhi, katikati ya maongezi matamu na binti yake.

Alikuwa ametandaza vipande vya tangawizi kwenye ungo. Abiria aliruhusiwa kilo mbili za chakula cha nyumbani, mradi kikaushwe mpaka kigongane kama kokoto. Kwenye kioo cha ukutani Namsifu alikuwa akicheka.

"Mama, mjukuu wako unamletea zawadi au unamletea adhabu? Ana miaka mitatu."

"Wewe ulianza kunywa chai ya tangawizi ukiwa na miwili, na hukufa."

"Sikufa, lakini nililia."

"Ulilia kwa sababu kikombe kilikuwa kimekwisha."

Pembeni mwa kioo taa ndogo iliwaka manjano. Ilikuwa manjano karibu siku zote, na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu. Mwaka ule neno lilichukua dakika kumi na nne kutoka Same hadi Mirihi, na jibu dakika kumi na nne kurudi. Nani angeweza kutaniana namna hiyo? Ndiyo maana Shirika la Ukaribu lilileta pacha. Mtu alikaa mbele ya mashine siku sita, akaongea, akasimulia, akachokozwa mpaka akakasirika, na mashine ikamtengenezea pacha wa maneno na sura. Pacha wa Namsifu alikaa kwenye mitambo ya Same, akaongea na mama bila kuchelewa. Pacha wa Nakiete alikaa huko juu, akaongea na binti. Kila jioni mwenyewe aliletewa muhtasari wa mistari mitatu minne, asome ajue pacha wake kaongea nini. Taa ya manjano ilikuwa pacha. Taa ya kijani ilikuwa mtu mwenyewe, sauti yake imesafiri njia nzima.

Ghafla taa ikageuka kijani.

Namsifu aliyetokea alikuwa mwembamba kuliko yule wa dakika iliyopita. Nywele zake zilikuwa zimebanwa ovyo, na kwapani alikuwa na kofia ngumu ya kazi iliyojaa vumbi jekundu. Nyuma yake mtoto alikuwa akililia kitu.

"Shikamoo mama. Nina dakika moja kabla sijaingia zamu. Nilitaka nikwambie mwenyewe kwa mdomo wangu. Siku zinakaribia na mimi naogopa, sijui kwa nini. Lakini nilitaka ujue. Ule msamaha ulioniomba ndio ulionifanya nimpe mtoto jina lako. Nilikuwa nimeapa sitampa. Haya, naitwa."

Taa ikarudi manjano. Namsifu mnene kidogo, nywele zimesukwa, akatabasamu.

"Tulikuwa wapi, mama? Ah, tangawizi."

Nakiete alikuwa ameshika kipande hewani. "Msamaha gani nilikuomba mimi?"

"Ah, mama. Mambo ya zamani hayo. Si tulishasameheana?"

"Nimekuuliza msamaha gani."

"Na ukija, mtoto atakuonyesha bustani yake ya mchicha. Anaiita shamba la bibi."

Alisema vizuri, kwa sauti ya mwanawe hasa. Nakiete akanyoosha mkono akazima kioo.

*

Kwa miaka thelathini na mmoja Nakiete alikuwa mkaguzi wa tangawizi katika chama cha ushirika. Kazi yake ilikuwa kutoliamini gunia. Wakulima, wengine ndugu zake wa damu, walipanga tangawizi nono juu na zilizooza chini, nao wakasimama pembeni wakimsifia mavazi. Yeye hakujibu. Aliingiza mkono mpaka kwapani, akatoa kilichokuwa chini, akanusa. Kijijini walimheshimu, wakamwogopa, na hawakumkaribisha sana.

Sasa aliketi sebuleni na kuingiza mkono katika maisha yake mwenyewe.

Miaka sita nyuma, Namsifu alichaguliwa kwenda Mirihi kuchimba barafu. Wakati huohuo baba yake, Kiangi, alikuwa kitandani, ini limekwisha, madaktari wamekwisha sema yao. Nakiete alimsihi binti asubiri. Vyombo viliondoka mara moja kila miaka miwili na miezi miwili. Angeondoka na kile kinachofuata. Namsifu hakusubiri. Siku ya kuondoka, kituoni, mbele ya watu wenye maua, Nakiete alimwambia, "Ukipanda kile chombo, usihesabu kuwa una mama. Hesabu umezika wawili."

Namsifu akapanda. Baada ya siku kumi na tisa Kiangi akafariki.

Miaka miwili na zaidi hawakusemezana. Wala mapacha hawakusemezana. Walikaa tu kwenye mitambo yao kama nguo zilizotundikwa. Kisha siku moja kioo kiliita. Nakiete alipofungua akamkuta Namsifu akilia, tumbo la ujauzito limechomoza, akisema, "Mama, nisamehe. Nilimwacha baba. Nilikuacha wewe. Nisamehe." Naye Nakiete, aliyekuwa amejiapiza kwamba yeye hatakuwa wa kwanza, akapata sababu ya kutokuwa wa kwanza. Akasema, "Nimekusamehe." Tangu hapo wakawa mama na mwana.

Taa siku ile ilikuwa ya rangi gani?

Alijaribu kukumbuka akashindwa. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na nani anayetazama taa wakati mtoto wake analia?

Akaenda kwenye bahasha ya muhtasari wa siku ile. Alikuwa ameuhifadhi kama hati ya ndoa. Ulisema: *Mmeongea dakika arobaini. Mmekumbuka yaliyopita. Mmesameheana.*

Aliusoma neno kwa neno, kisha akalirudia lile la mwisho. Mmesameheana. Neno hilo halikusema ni nani aliyepiga goti. Lilikuwa neno zuri, limepangwa vizuri, na Nakiete akaona jinsi lilivyoweza kusomwa mara mbili, chini duniani na juu Mirihi, kila msomaji akidhani ni mwenzake aliyeinama.

*

Jumatatu iliyofuata abiria wote wa safari ile waliitwa Same kwenye Kituo cha Ukaribu kwa jambo lililoandikwa kwenye ratiba kama Somo la Kuoanisha. Nakiete alidhani watafundishwa namna ya kutembea mahali ambapo mwili ni mwepesi. Aliingizwa katika ukumbi wenye madawati, akapewa kitabu kinene chenye jina lake kwenye jalada.

Aliyefundisha alikuwa Tumwesige, msimamizi wa abiria, kijana mrefu mwenye sauti ya upole kama ya muuguzi.

"Shikamooni. Ndugu zenu huko juu wamekuwa wakiongea na mapacha wenu kwa miaka," akasema. "Wamezoea mizaha yao na ahadi walizotoa. Zamani wageni walikuwa wanafika hawajui walichosema, na nyumba zikaingia baridi siku ya kwanza. Kwa hiyo tunasoma. Mkimaliza kitabu, mtatia saini ukurasa wa mwisho, kwamba maneno yote yaliyosemwa na pacha wenu ni yenu. Mwisho wa kusaini ni Ijumaa saa sita mchana. Bila saini, mgeni hapandi."

Ukumbi mzima ukafungua vitabu. Watu wakaanza kusoma kwa kunong'ona kama watoto wa madrasa. Jirani yake, mzee mwenye upara aitwaye Shemzigwa, fundi bomba mstaafu kutoka Lushoto, alikuwa akipiga paja kwa furaha.

"Sikiliza hii, mama. Nimemwambia kaka yangu kuwa nampenda. Mimi! Sijawahi kumwambia mtu hivyo, hata mke wangu alikufa akikisia."

"Na unampenda?"

Shemzigwa akafikiri. "Alinipokonya shamba. Lakini huyu wa humu," akagonga kitabu, "ameshamaliza hilo. Huko juu mimi ni mtu mzuri sana, mama. Nakwenda kujifunza kuwa yeye."

"Kaka yako naye?"

"Pengine naye huku chini amekuwa mzuri hivyohivyo. Basi watakutana watu wazuri wawili. Ubaya uko wapi?"

Nakiete alitafuta ubaya akaukosa, au aliuona lakini hakuweza kuushika mkononi. "Na siku utakayokasirika?" aliuliza mwishowe. "Chombo cha kurudi ni baada ya miaka miwili."

"Nitameza."

"Miaka miwili unameza?"

Mzee akainamia kitabu. Akarudi kusoma, safari hii kimyakimya.

Kitabu cha Nakiete kilikuwa na kurasa mia nne. Alikwenda moja kwa moja kwenye tarehe aliyoijua. Ukurasa ule ulikuwa na mstari mmoja tu: *Mmesameheana. Maneno kamili hayahitajiki kwa somo hili.*

Akafunga kitabu, akainuka, akamfuata Tumwesige ofisini kwake.

*

"Nataka maneno kamili ya siku hii," alisema, kidole kwenye tarehe.

"Mama, karibu ukae. Kumbukumbu za mapacha wa juu ni mali ya upande wa juu. Hatuzitoi."

"Sijaomba maneno ya binti yangu. Nimeomba ya Nakiete Mbwambo."

"Ndiyo, lakini aliyeyasema ni pacha."

"Na wewe unataka nitie saini kwamba ni yangu."

"Ndiyo."

"Kama ni yangu, nipe. Kama si yangu, saini ni ya nini?"

Nakiete alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wauzaji, bila hasira na bila haraka, mpaka wenyewe wakasogeza gunia pembeni.

"Hakuna mtu aliyewahi kuomba," kijana akasema.

"Ndiyo maana nauliza."

Ilichukua karibu saa nzima. Karatasi ilipotoka, Tumwesige alimpa akiwa amegeuza uso.

Maneno ya pacha wake yalikuwa haya: *Mwanangu, siku ile kituoni sikuwa na hasira. Nilikuwa na hofu. Nilimwona baba yako anaondoka, nikakuona na wewe unaondoka, nikaona nitabaki na kuta. Nikatafuta neno la kukufunga usiende, nikapata lile. Lilikuwa baya kuliko yote niliyowahi kusema. Nisamehe.*

Na chini, jibu la Namsifu: *Nimekusamehe, mama.* Kando yake, alama ya kijani.

Nakiete alikaa. Hakuwahi kuyasema maneno yale, si kwa Namsifu wala kwa mtu yeyote, wala katika zile siku sita za mashine. Na yalikuwa kweli. Mashine ilikuwa imesikiliza yote aliyoyasema, ikafika mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kufika. Alijisikia kama mtu aliyekuta jirani amevaa nguo zake, na zimemkaa vizuri kuliko zinavyomkaa yeye.

Kisha akaona tarehe na saa. Siku ile ile ambayo Namsifu alilia kwenye kioo chake akiomba msamaha, na saa ile ile; mtu mmoja hangeweza kusamehe juu na kulia chini kwa wakati mmoja.

"Mlitupatanisha," alisema polepole. "Aliomba msamaha huku chini mtu ambaye si yeye. Akaomba huko juu mtu ambaye si mimi. Tukasamehe wenyewe, kwa vinywa vyetu. Ni kusamehe tu ndiko kulikokuwa kwetu."

"Mama, kuna kanuni. Mapacha wakikaa kimya miaka miwili, mtambo unaruhusiwa kuanzisha. Familia nyingi zimepona." Sauti yake ilikuwa ya kweli. "Angalia ulichopata. Una mjukuu mwenye jina lako. Kuna aliyeumia?"

"Sijui. Nyinyi ndio mmefanya nisijue."

"Mimi mwenyewe naongea na mama yangu kwa pacha kila wiki. Hatugombani tena."

"Mama yako yuko juu?"

"Yuko Bukoba."

"Bukoba." Nakiete akamtazama vizuri. "Neno linachukua dakika ngapi kufika Bukoba?"

Tumwesige akaanza kupanga kalamu zake mezani. Alizipanga zote kabla ya kuinua uso. "Kuna njia nyingine," alisema kwa sauti ya chini. "Ipo kwenye kanuni lakini hatuitangazi. Mgeni anaweza kupanda bila saini kama mwenyeji wake atamwita kwa sauti mbichi. Bila pacha. Lakini fikiri, mama. Una miaka sitini na nne. Mwisho wa kusafiri ni sitini na tano. Ukimwambia binti yako kwamba msamaha ule haukuwa wako, na akaghairi, hakuna chombo kingine kwako."

"Nalijua hilo."

"Saini ni mstari mmoja tu."

Nakiete alitazama mstari. Alifikiria mtoto wa miaka mitatu anayeiita bustani ya mchicha shamba la bibi, na bibi mwenyewe ni kivuli kilichotengenezwa. Alifikiria pia, kwa uaminifu uliomuuma, kwamba yule wa kwenye karatasi huenda angekuwa bibi bora. Hangemkaripia mtoto, wala hangenuna. Namsifu alimpa mtoto jina kwa ajili ya mtu yule. Je, ni haki gani aliyonayo kumuua mtu yule, ambaye binti yake alimpenda, ili tu amrudishie mama mwenye ulimi wa wembe?

Akarudi Mamba Miamba bila kusaini. Jumanne alikausha tangawizi. Kioo kiliita mara tatu, hakukifungua. Jumatano alikifungua, na pacha wa Namsifu akamwuliza kwa wasiwasi mtamu kama anaumwa. "Hapana," akamjibu, "nakusikiliza tu." Akamsikiliza nusu saa. Hakukuwa na jambo hata moja lililomchukiza. Hilo ndilo lililomfanya Alhamisi asubuhi ashuke tena Same, kwa maana alikuwa amemzaa Namsifu na kumlea miaka ishirini na sita, na hapakuwahi kupita nusu saa ya namna hiyo.

*

Chumba cha sauti mbichi kilikuwa nyuma ya jengo. Walikuwa wamekigeuza stoo. Tumwesige alitoa ndoo na mafagio, akafuta vumbi kwenye kipaza sauti kwa mkono wa shati.

"Nitajuaje kwamba inakwenda kama nilivyosema?" Nakiete aliuliza. "Nitajuaje kwamba hamtaipaka asali njiani?"

"Taa hii ikiwa kijani—"

"Taa zenu nimezizoea."

Kijana akamwelekeza ukutani, kwenye waya mnene mweusi ulioingia darini. "Huu hauendi kwenye mitambo ya mapacha. Unakwenda kwenye sahani ya juu ya paa, basi. Niamini, au usiniamini. Mimi nitakaa nje."

Nakiete aliufuata waya kwa macho mpaka mwisho, akatoka nje akahakikisha umetokeza juu ya paa. Hakumwamini kabisa, lakini alikuwa amefika mahali ambapo kutoamini zaidi kungekuwa kisingizio tu. Akaingia, akafunga mlango, akakaa.

"Namsifu. Ni mimi. Sina pacha hapa, kwa hiyo utanisikia ninavyokosea.

"Sikuwahi kukuomba msamaha. Karatasi ya maneno yale ninayo mkononi. Ni mazuri, lakini si mimi niliyeyasema. Na mimi nilikusamehe kwa sababu nilikuona unalia ukiniomba, sasa nadhani hukuwa wewe. Kama hukuwa wewe, nataka kujua.

"Lile neno la kituoni, lile nililisema mimi. Hakuna mashine iliyonisaidia. Nimekaa tangu Jumatatu natafuta msamaha wangu mwenyewe, nimepata nusu. Nusu ni hii: neno lilikuwa baya, na nililichagua kwa sababu lilikuwa baya. Nusu nyingine bado nina hasira na wewe. Baba yako aliuliza habari zako siku kumi na tisa, na mimi ndiye niliyekuwa najibu.

"Wanataka nisaini kwamba mimi ni yule. Nikisaini nitafika. Lakini nitakaa kwako miaka miwili nikiigiza, na wewe ulikuwa unanijua nikidanganya tangu una miaka mitano. Ukiniita, nitakuja hivi nilivyo. Usiponiita, sitakulaumu. Mtoto abaki na jina, lisiondolewe, hana kosa."

Akabonyeza. Dakika ishirini na nane zilipita, akabaki amekaa. Saa moja ikapita, kisha mbili. Tumwesige alimletea chai, hakuinywa. Jioni walipofunga jengo, hapakuwa na kitu.

*

Ijumaa ukumbi ulijaa. Abiria walipanga foleni kwenda mezani kusaini, wengine wamevaa nguo za sikukuu. Shemzigwa alikuwa wa tatu. Alipofika mezani alishika kalamu kwa muda mrefu, mpaka wa nyuma wakakohoa, kisha akasaini. Alipopita karibu na Nakiete hakumtazama.

Saa tano na nusu, Tumwesige alitokea mlangoni na kumwita kwa mkono.

Taa ya chumba cha nyuma ilikuwa kijani. Hapakuwa na sura, ila sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imekauka, nyuma yake mashine zikinguruma.

"Mama. Sikujibu jana kwa sababu nilikuwa nalia, halafu nikawa na hasira, halafu nikawa kazini.

"Sikuwahi kukuomba msamaha. Na siombi. Uliposema nilimwacha baba, watu wote walikuamini, nami nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Sasa sitanyamaza. Baba ndiye aliyeniambia niende. Wiki mbili kabla ya safari, ulikuwa umekwenda ghalani. Alinishika mkono, akasema, 'Nenda. Nikifa wewe uko hapa utabaki hapa, namjua mama yako, hatakuachia. Nenda, na usimwambie ni mimi, nataka nife tukiwa tunaelewana.' Kwa hiyo alipokuuliza habari zangu siku kumi na tisa, mama, hakuwa analalamika. Alikuwa anataka kujua kama naendelea salama."

Nakiete alishika ukingo wa meza. Alitaka kusema kwamba ni uongo, huyu ni mtambo, huyu ni pacha mwingine mwenye hila. Shaka ilikuwa silaha yake ya maisha yote na aliiinua hata sasa. Lakini mashine iliyotengenezwa ili watu wapatane isingethubutu kumtupia mtu kitu kama kile. Na sauti ya Kiangi ilikuwamo ndani ya maneno, woga wake mpole wa mume aliyeishi miaka thelathini na mwanamke ambaye hakosei. Nife tukiwa tunaelewana. Alikuwa yeye kabisa.

Alilia bila sauti. Aliona siku zile kumi na tisa upya: kichwa kikigeuka kwenye mto kila mlango ulipofunguliwa, swali lile lile, na yeye akijibu kwa uchungu, "Huyo amekwisha tuacha," akidhani anamfariji.

Ujumbe ulikuwa bado unaendelea.

"Sijui kama nakutaka hapa. Nasema kweli. Yule mwingine nilimpenda, alikuwa ananiuliza kama nimekula. Nyumba yetu ni vyumba viwili, ukinuna nitakuona. Nimemwambia mtoto kwamba bibi wa kwenye kioo alikuwa wa kuigiza, na kwamba bibi wa kweli ni mkali. Ameniuliza kama unang'ata. Nimeshindwa kumjibu. Njoo umjibu mwenyewe."

Sauti ikakatika. Zikabaki mashine kunguruma, kisha nazo zikakatika.

Tumwesige alikuwa amesimama mlangoni na fomu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

"Mama, samahani. Lazima niandike. Kanuni inasema mwaliko uwe wazi." Akaangalia fomu. "Je, huo ulikuwa mwaliko? Amesema hajui kama anakutaka."

Nakiete alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akainuka, akanyoosha mgongo.

"Kijana," akasema, "umezoea maneno yaliyochujwa. Andika: ameitwa."

Akaandika.